Kipato Kisicho na Karatasi: Nani Anastahili Msaada wa Fedha Kijijini?

Hebu jibu swali hili haraka haraka: nyumbani kwenu mnapata shilingi ngapi kwa mwezi?

Kama mzazi wako ni mwalimu au muuguzi, huenda unaweza kutaja namba. Lakini kama unaishi Ilemba, kule chini kwenye Bonde la Ziwa Rukwa, na nyumbani mnalima mpunga na mahindi, swali lenyewe ni gumu. Mwezi wa saba, mavuno yakishaingia, fedha inaonekana. Mwezi wa pili, mazao bado yako shambani, debe la mahindi limepanda bei, na ndani hakuna hata ya sabuni. Sasa ukiulizwa "kwa mwezi", utasema mwezi upi?

Swali hilo si la mchezo. Ndilo linaloamua ni nyumba ipi ipewe msaada wa fedha na ipi iachwe. Na ukweli ni kwamba vijana wengi hawajui linavyojibiwa. Wanasikia tu kwamba "majina yametoka", halafu wanaanza kunung'unika: mbona yule kapata na sisi tumekosa? Katika makala hii tutaeleza hatua kwa hatua jinsi kaya inavyopimwa, mahali makosa yanapotokea, na wewe kijana unaweza kufanya nini ili nyumba yenye njaa isisahauliwe.

Msaada wenyewe ni upi?

Hapa Tanzania, msaada mkubwa kuliko yote wa fedha taslimu kwa kaya zenye kipato kidogo ulikuja kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF. Mfuko ulianza mwaka 2000. Mwanzoni ulijulikana zaidi kwa kujenga madarasa, zahanati na visima. Mwaka 2010 ulifanya majaribio ya kuzipa fedha kaya masikini katika wilaya tatu: Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Mwaka 2012 serikali ikazindua awamu ya tatu, yenye Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini. Mwaka 2020 kikazinduliwa kipindi cha pili cha mpango huohuo, ili ufike pia kwenye vijiji na mitaa iliyokuwa imeachwa mara ya kwanza.

Angalia neno "kunusuru". Kumnusuru mtu si kumtajirisha. Ni kumshika mkono asizame.

Mkoa wetu wa Rukwa unauhitaji mkono huo, ingawa ukiutazama kwa juu huwezi kuamini. Mahindi ya Ufipa hulisha mikoa mingine. Lakini Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba Rukwa ndio ulikuwa mkoa wenye umasikini mkubwa kuliko yote Tanzania Bara: watu 45 katika kila 100 walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Kwa Tanzania Bara nzima ilikuwa watu 26 katika kila 100. Na utafiti wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, wakati kitaifa walikuwa kama mmoja katika kila watatu. Kwa hiyo umasikini tunaouzungumzia si mambo ya fedha peke yake. Unaonekana kwenye mwili wa mtoto.

Kwa nini wasiulize mshahara tu?

Katika nchi ambako watu wengi wameajiriwa, kupima kipato ni rahisi kiasi. Marekani, kwa mfano, anayeomba msaada wa chakula huonyesha hati za mshahara. Ofisi inalinganisha fedha hiyo na kiwango kilichopangwa kulingana na idadi ya watu nyumbani. Ukiwa chini ya kiwango, unaingia. Ukiwa juu, unatoka.

Jaribu kufanya hivyo Ilemba. Mvuvi wa Ziwa Rukwa hana hati ya mshahara. Mama anayeuza vitumbua hana daftari. Baba aliyelima kibarua kwenye shamba la mtu alilipwa debe la mahindi, na debe halina risiti. Isitoshe, kama kila anayesema "sina kitu" angepewa fedha, nani angesema anacho?

Ndiyo maana mpango huu haukuuliza mshahara. Ulitafuta dalili za umasikini kwa njia mbili: macho ya majirani, na dodoso.

Hatua ya kwanza: mkutano wa kijiji

Kwanza kabisa, kila wilaya na kila kijiji kilitengewa nafasi kulingana na hali yake ya umasikini. Hilo ni la kukumbuka, kwa sababu maana yake ni kwamba nafasi zilikuwa na kikomo. Mpango wa mwanzo ulilenga kama watu 15 katika kila 100, wale wa chini kabisa. Rukwa, kama tulivyoona, masikini ni wengi kuliko hao. Kwa hiyo mtu aliweza kuwa masikini kweli na bado asiingie, kwa sababu kuna aliye chini yake zaidi.

Halafu unaitishwa mkutano wa hadhara. Wawezeshaji kutoka halmashauri wanaeleza mpango, kisha wanakijiji wenyewe wanakubaliana: hapa kwetu, masikini wa kupindukia ni nani? Majibu hayatofautiani sana. Ni kaya ambayo kipato chake ni kidogo mno na hakina uhakika. Ni kaya inayoshindwa kupata milo mitatu kwa siku. Ni kaya yenye makazi duni, yenye watoto wasiokwenda shule au kliniki kwa kukosa mahitaji, au ambayo haina mtu mwenye nguvu za kufanya kazi: wazee watupu, mgonjwa wa muda mrefu, mlemavu, yatima.

Baada ya hapo majina yanatajwa. Hapa majirani wana nguvu kuliko karatasi yoyote. Nani hajui kwamba kwa bibi fulani moshi unafuka mara moja kwa siku? Nani hajui kwamba yule anayevaa shati lililochanika ana ng'ombe arobaini kule malishoni?

Lakini macho ya majirani nayo yana upofu wake. Kaya iliyohamia juzi haina wa kuitaja. Mjane asiyeelewana na balozi anaweza kurukwa. Mgonjwa aliyelala ndani hakuja mkutanoni. Na wapo wanaoona haya: wanakaa kimya jina lao lisitajwe, eti wasiitwe masikini mbele za watu.

Hatua ya pili: dodoso

Kaya zilizotajwa mkutanoni zilitembelewa au kuitwa kujaza dodoso. Msailiwa anaulizwa mambo ambayo kwa kawaida ni vigumu kuyaficha: mpo wangapi, wa umri gani, mkuu wa kaya alisoma hadi wapi? Paa ni la nini, ukuta ni wa nini, sakafu ni ya nini? Choo kikoje? Maji mnachota wapi, na usiku mnawasha nini? Mna mifugo? Mna baiskeli, redio, simu?

Majibu yanaingizwa kwenye kompyuta, nayo inayapa kila moja uzito wake. Sakafu ya saruji inapandisha alama. Watu wengi wanaotegemea mfanyakazi mmoja wanaishusha. Mwishoni inatoka namba moja inayokisia kaya hiyo inatumia kiasi gani. Namba hiyo ikiwa chini ya mstari uliowekwa, kaya inastahili.

Ona neno hilo: inakisia. Haikupimi wewe ulivyo. Inakulinganisha na kaya nyingine nyingi zinazofanana na yako, kisha inasema "watu wa namna hii kwa kawaida huwa na hali hii". Mara nyingi inapatia. Mara nyingine inakosea, na hakuna kompyuta inayoweza kukwepa hilo.

Baadaye majina yaliyopita yanarudishwa kijijini na kusomwa tena mbele ya watu ili wayathibitishe. Mkutano huu wa pili watu wengi huupuuza. "Si tulishataja majina?" Kumbe hapa ndipo mahali pa kusema: huyu mbona ameingia, na yule mbona ametoka?

Pima mwenyewe: kaya tatu

Hebu tufanye zoezi. Tuchukue kaya tatu ambazo unaweza kuzikuta kijiji chochote cha bondeni. Ungempa nani?

Kaya ya kwanza. Babu na bibi wanalea wajukuu watatu. Nyumba yao ina bati na sakafu ya saruji. Aliijenga mtoto wao alipokuwa akifanya biashara ya samaki. Mtoto huyo alishafariki. Sasa babu anaumwa miguu, bibi analima kibarua, na wajukuu wanakwenda shule bila kula.

Kaya ya pili. Nyumba ni ya nyasi, sakafu ni ya udongo, watoto ni wengi, na mkuu wa kaya hakusoma. Lakini wana kundi la ng'ombe linalochungwa mbali na kijiji.

Kaya ya tatu. Binti wa miaka 19 ana mtoto mchanga. Anaishi kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya kaka yake. Kaka ana duka dogo. Binti anajipikia mwenyewe, na siku asipopata kibarua, hapiki.

Umeamua? Sasa tuone.

Kaya ya kwanza iko hatarini kwenye dodoso. Bati na saruji zinaeleza maisha ya miaka kumi iliyopita, si ya leo. Kompyuta haijui kwamba aliyeziweka yuko kaburini. Kaya hii inahitaji jirani wa kusimama mkutanoni aseme ukweli huo, na inahitaji mkuu wa kaya ajibu kikamilifu: nani anafanya kazi, nani mgonjwa, nani anasoma.

Kaya ya pili inaweza kupita kwenye dodoso kama ng'ombe hawatatajwa. Hapa tena majirani ndio kinga. Mwaka 2016 serikali iliagiza uhakiki wa walengwa nchi nzima, na maelfu ya kaya ziliondolewa. Miongoni mwao walikuwemo waliokufa, waliohama, wasiokuwa masikini, na hata viongozi wa vijiji waliojiandikisha. Ukikaa kimya kwa sababu mwenye ng'ombe ni mjomba wako, ujue umeichukua nafasi hiyo kutoka kwa babu na bibi.

Kaya ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, na inawahusu ninyi vijana. Swali ni hili: je, binti huyu ni kaya? Kaya maana yake ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kama anakula kwa kaka yake, yeye ni mmoja wa kaya ya kaka, na duka la kaka linahesabika kwake. Kama ana chungu chake, basi ni kaya inayojitegemea, hata kama kibanda kimeegemea ukuta wa mtu. Mabinti wengi hupotea hapa. Hakuna anayewaandika, kwa sababu kila mtu anadhani "yule yuko kwa kaka yake". Kama ndiye wewe, liseme mapema kwa balozi na kwa mtendaji wa kijiji: mimi ninapika peke yangu.

Fedha yenyewe ni kiasi gani?

Wengine wakisikia "fedha za TASAF" wanadhani ni mtaji wa kununua pikipiki. Tuhesabu pamoja kwa viwango vya kipindi cha kwanza.

Kila kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Yenye mtoto chini ya miaka 18 iliongezewa 4,000. Yenye mtoto mdogo chini ya miaka mitano anayehudhuria kliniki, 4,000 nyingine. Kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, 2,000, mwisho wanafunzi wanne. Kwa wa sekondari, 4,000 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na 6,000 kwa cha tano na cha sita. Yote yakijumlishwa, kaya haikuweza kuzidi 38,000 kwa mwezi. Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili, na watu wakayaita "dirisha".

Tuseme kuna bibi, mama, watoto wawili wadogo na wawili wa shule ya msingi. Ni 10,000, na 4,000, na 4,000, na 4,000 ya wanafunzi wawili. Jumla 22,000 kwa mwezi, kwa watu sita. Sasa linganisha: utafiti wa kaya wa 2011/12 ulikadiria kwamba mtu mzima mmoja alihitaji shilingi 26,085 kwa mwezi kwa chakula peke yake. Kwa hiyo ruzuku ya watu sita haikutosha kumlisha hata mtu mmoja mwezi mzima.

Je, ina maana haina faida? La. Kwa nyumba isiyo na kitu, 44,000 za dirisha ni daftari na sare, ni kuku wawili wa kuanzia kufuga, ni kutouza mpunga ungali shambani kwa bei ya kutupa. Lakini hesabu hii inakuonyesha jambo moja: fedha hii inamaanisha sana kwa aliye chini kabisa, na kidogo sana kwa mwenye duka. Kumwandikia mwenye duka ni kumpa kitu ambacho hatakiona, na kumnyima mwingine kitu ambacho asingekisahau.

Katika kipindi cha pili ruzuku ya msingi ilipandishwa hadi 12,000. Viwango vya namna hii hubadilika kila kipindi, kwa hiyo usishike namba za zamani. Kamuulize mtendaji wa kijiji au mratibu wa TASAF wa halmashauri yenu.

Eti ukizaa sana unapata zaidi?

Hapana! Huu ni uvumi, na umewadanganya wengine. Tazama tena hesabu ya juu. Ile 4,000 ya mtoto mdogo ilikuwa ya kaya, si ya kila mtoto. Uwe na mtoto mmoja chini ya miaka mitano au uwe nao wanne, ilikuwa ileile. Mtoto mmoja hula zaidi ya shilingi 4,000 kwa mwezi. Anayezaa ili apate ruzuku amefanya biashara ya hasara.

Uvumi mwingine ulisema fedha hizi ni za Freemason, na kwamba ukizipokea umemuuza mtoto wako. Katika sehemu mbalimbali za nchi watu walikataa kuandikishwa kwa sababu hiyo. Walioumia ni walewale wenye shida. Fedha za mpango zilitoka serikalini, kwa mikopo na misaada ya Benki ya Dunia na wahisani wengine. Hakuna damu wala jini ndani yake.

Masharti ya afya na shule

Sehemu ya fedha ilikuwa na masharti, na hapa ndipo msaada unapokutana na afya. Mtoto chini ya miaka miwili alitakiwa kupelekwa kliniki kila mwezi. Mwenye miaka miwili hadi mitano, kila baada ya miezi sita. Mjamzito alitakiwa kuhudhuria kliniki angalau mara nne. Mwanafunzi alitakiwa awepo shuleni kwa angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Masharti yakivunjwa, sehemu ya fedha ilikatwa.

Wewe mwanafunzi, unaona mzigo ulionao? Ukitoroka shule kwenda kuwinga ndege kwenye mpunga wa mtu, unaweza kuwa umekata fedha ya mdogo wako. Hata hivyo kama unakosa shule kwa sababu unamuuguza mzazi, usikae kimya. Mweleze mwalimu, na mzazi aieleze kamati ya kijiji inayosimamia mpango. Sharti liliwekwa ili mtoto asome, siyo ili mwenye shida aadhibiwe.

Na mabinti mliojifungua mkiwa shuleni: tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatishwa masomo kwa ujauzito kurudi kwenye shule ya kawaida. Kurudi kwako ni faida yako kwanza.

Kwa vijana wenye umri wa kufanya kazi kulikuwa pia na ajira za muda: mtu mmoja kutoka kaya ya mlengwa alifanya kazi kama kuchimba mtaro au kupanda miti wakati wa ukata, kwa shilingi 2,300 kwa siku, mwisho siku 60 kwa mwaka. Piga hesabu: 138,000. Kipindi cha pili kiwango kikawa 3,000 kwa siku. Lakini kumbuka, ilikuwa kwa kaya zilizokwisha andikishwa. Kijana ambaye kaya yake haikuwemo hakuweza kujiunga.

Je, shida ikija ghafla?

Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa. Uandikishaji haukuwa wa kila mwaka. Ulifanyika kwa mkupuo, kisha miaka ikapita. Nyumba iliyokuwa na nafuu wakati wa kuandikishwa, halafu mwaka uliofuata mafuriko yakachukua mpunga au baba akafariki, ilibaki nje ikisubiri mkupuo mwingine. Umasikini hausubiri, lakini orodha husubiri.

Wenzetu wamejaribu njia nyingine. Kaskazini mwa Kenya, kule Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kuna mpango wa kukabili njaa ambao uliandikisha kaya nyingi mapema, hata zile zisizolipwa kila mara. Picha za setilaiti zinapoonyesha malisho yamekauka kupita kiasi, kaya za ziada hulipwa fedha ya dharura. Hakuna anayeuliza upya nani masikini wakati ng'ombe wanakufa. Zanzibar nayo, kuanzia Aprili 2016, ilianza kumlipa kila mkazi aliyefika miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuuliza kipato. Kigezo ni umri basi. Kila njia ina gharama yake: ukiuliza mengi unawakosa wengine, usipouliza unahitaji fedha nyingi zaidi.

Kwetu, dharura ikiingia, ipo milango miwili ya kubisha. Kama ni mafuriko au njaa ya kijiji kizima, taarifa hupitia kwa mtendaji hadi kamati ya maafa ya wilaya. Kama ni ugonjwa, sera ya kuchangia gharama za matibabu iliyoanza mwaka 1993 iliweka msamaha kwa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wagonjwa wa magonjwa kama kifua kikuu na ukoma. Asiyekuwa katika makundi hayo na hana uwezo huulizia ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini, na mara nyingi huulizwa barua ya mtendaji wa kijiji. Kwa hiyo kabla ya kupanda milima ya Lyamba lya Mfipa na mgonjwa kwenda Sumbawanga mjini, pata barua hiyo kama hali inaruhusu. Kama haina nafasi ya kusubiri, nenda! Barua itafuata nyuma na ndugu mwingine.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, nenda mkutanoni. Wazee wengi hudhani mikutano ni ya wazee. Ukiwa na miaka 18 una haki ya kukaa na kusema. Hata kama hujafika, unaweza kumwambia mzazi: "Mama, usisahau kumtaja yule bibi."

Pili, jibu dodoso kwa ukweli na kwa ukamilifu. Usifiche ng'ombe, lakini pia usione haya kusema mnalala bila kula. Wengine hujibu "tunashukuru Mungu, tunakula" kwa sababu ya heshima. Mwandishi ataandika hivyohivyo.

Tatu, usitoe hata senti moja ili jina liandikwe. Kuandikishwa hakuuzwi. Anayedai chochote ataripotiwa kwa mtendaji, kwa mratibu wa wilaya au TAKUKURU.

Nne, ukiona kosa, lisemee siku majina yanaposomwa. Ukichelewa, andika barua kwa mtendaji na ubaki na nakala.

Tano, usimcheke mwenzako kwamba kwao ni "watu wa TASAF". Kicheko hicho ndicho kinachomfanya mama mwingine akae kimya jina lake lisitajwe, na mtoto wake alale na njaa.

Kompyuta itahesabu mabati. Haiwezi kuhesabu misiba. Hilo ni la sisi majirani, na kama hatutasema, hakuna karatasi itakayosema kwa niaba yetu.

Jadilini katika kikundi chenu

1. Kati ya kaya tatu za kwenye zoezi, ninyi mngeanza na ipi? Kwa nini?
2. Kijijini kwenu, ni dalili gani za umasikini ambazo dodoso haliwezi kuziona?
3. Ni nani ambaye hakuwepo kwenye mkutano wa mwisho wa kijiji, na nani angeweza kumsemea?